Tuta Lililoungua Peke Yake

Kinondo,
Jumanne, baada ya Adhuhuri.

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo mama, na shikamoo nyingine kwa siku zote hizi ambazo sikukupigia simu. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani, magoti yametulia na mwani wako umekauka bila kunyeshewa. Je, kifua cha baba kimepata nafuu? Mwambie asiiache ile tangawizi, hata akilalamika kwamba inamchoma. Wasalimie majirani wote wa Kibuyuni, na yule paka wako mwizi pia.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Alamin ananyonya mpaka mgongo unaniuma, na akishiba anacheka peke yake akitazama paa. Mwanamkuu ameanza kuzijua herufi na anaziandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Nassir anatoka na tuktuk yake kungali giza, na akirudi kutoka Ukunda hana nguvu hata ya kuvua viatu. Mimi nimechoka, mama, sitakuficha. Juzi niliinjika chai, nikakaa kuingoja, kumbe sikutia majani.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako, mama, huiweka sauti ya juu ili usikie, na ukiwa kwenye kamba za mwani kina mama wote husikia pamoja nawe. Haya ya leo ni yako peke yako. Nimeandika herufi kubwakubwa kama zile ulizofundishwa kwenye darasa la watu wazima, ili usimwombe mtu akusomee. Shehe, mtoto wa mjomba, ndiye anayeileta, na nimemsisitizia akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Jambo lenyewe ni la shamba la kikundi. Jumamosi hii kuna mkutano, na wakiamua walivyokwisha kuamua mioyoni mwao, Rispah atatolewa kwenye shamba na tuta lake atapewa mtu mwingine. Unamjua Rispah, mke wa Kalama fundi baiskeli, yule mzaliwa wa Kinango. Nitaanza mbali, hata kwa yale unayoyajua, ili nisiruke kitu.

Wewe ulilikuta lile shamba limeshamiri. Hukuliona lilipokuwa kichaka cha miiba nyuma ya kisima cha pampu, mahali pa kutupa chupa. Sisi ndio tuliolifyeka, kila nyumba ikapewa tuta lake, na mwenyekiti wetu, Bwana Kibwana, akaweka sharti moja kubwa: hakuna dawa ya dukani wala mbolea ya dukani. Ni samadi, mboji, majivu, na majani ya mwarobaini yaliyolowekwa ya kufukuzia wadudu. Ndiyo maana ile nyumba ya wageni ya Galu huja kuchukua mboga kwetu, na ndiyo maana mimi humlisha Mwanamkuu mchicha wa pale bila wasiwasi. Tuta letu tulilitengeneza sote, mimi na Nassir na wifi yangu Hafswa, na hata Mwanamkuu alikuwa na kona yake ya bamia. Nilikuwa nikilipenda, mama. Baada ya msiba wetu wa mwaka juzi, lile tuta ndilo lililonitoa kitandani.

Alipozaliwa Alamin ukaja kunilea arobaini yangu, Mungu akulipe. Ulinikanda, ukanipikia uji wa pilipili manga, ukanizuia kutoka nje kama desturi inavyotaka. Basi mimi nikawa ndani, na shamba nikawa nalisikia kwa midomo ya watu. Rispah alijitolea kumwagilia tuta letu pamoja na lake kwa kuwa yamepakana, na Hafswa akawa anapita jioni.

Unaikumbuka siku Rispah alipokuja kumtazama mtoto? Alileta biringani alizozichuma kwenye tuta letu, nzito, zinang'aa. Akamnyanyua Alamin juu, akacheka, akasema, "Mama Mwanamkuu, mtoto huyu amenona kama mabiringani yenu. Sijaona tuta zuri kama lile, na sijaona mtoto kama huyu." Akambusu, akaenda zake. Hakusema mashaallah. Mimi sikulitia maanani, kwa maana kwao si mazoea. Lakini niliona jinsi ulivyomchukua mtoto mikononi mwangu ukamfunika uso, na siku ile hukula.

Hazikupita siku nyingi, Hafswa akaja na habari kwamba majani ya kunde yameungua kingo. Nikadhani ni jua. Kisha nyanya zikajikunja, biringani zikadondosha maua, na bamia za Mwanamkuu zikasimama zimekauka kama vijiti. Ajabu ni kwamba tuta letu liliungua peke yake. La Rispah, ambalo kati yake na letu ni njia ya mguu mmoja tu, lilikuwa la kijani tupu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mimi niko ndani, mtoto kifuani, na kila anayekuja kunipa hongera ananiachia na neno. Mmoja alisema samadi ya mbuzi anayoileta Rispah kutoka kwao ni mbichi, na samadi mbichi huunguza. Mwingine akauliza kwa nini basi haimuunguzii yeye. Mwingine akaja akainama karibu na sikio langu, akasema ameona kitu cheupe juu ya udongo wa tuta letu, kama unga, na kwamba hiyo haiwezi kuwa samadi. Bwana Kibwana mwenyewe alikwenda akakipangusa kwa kidole, akakinusa, akatikisa kichwa. Likaenea kwamba Rispah anatumia mbolea ya dukani kwa siri, na kwamba akiogopa kuzidisha kwake hujaribia kwanza kwetu. Hakuna aliyeonja kile cheupe. Nani angeonja kitu anachokidhani ni sumu?

Shamba likabadilika, mama. Zamani mtu akiwa na mchicha mwingi alikuwa akiugawa pale pale kisimani. Sasa kila mtu anachuma chake, anakifunika kwa leso, anaondoka. Mitungi iliyokuwa ikiachwa chini ya pampu kila mtu akaanza kwenda nayo nyumbani. Watu wanainua majani ya wenzao na kuyanusa wakidhani hawaonekani. Kuna mama mmoja aliyemwambia mumewe alale na tochi karibu na dirisha linaloelekea shambani, na mumewe akamjibu kwamba yeye alioa mke, hakuoa mchicha. Tulicheka, lakini hata kicheko kile kilikuwa cha kutazamana.

Nami nikaambukizwa. Rispah alikuja siku moja, uso umemshuka, akanisimulia kwamba alfajiri moja alikutana nawe kwenye njia ya pwani. Alikuamkia shikamoo na hukuitika. Alirudia, ukampita kama hukumwona. Akaniuliza amekukosea nini. Mama, mimi nilikutetea. Nilimjibu kwamba mamangu hajawahi kuacha shikamoo ikaanguka chini tangu nimjue, na kwamba kama anatafuta ugomvi atafute mahali pengine. Alipoondoka nikajisemea moyoni: anayeweza kumsingizia mamangu, atashindwa vipi kuniunguzia tuta?

Arobaini ilipokwisha nikatoka, nikaenda kuliona. Sitasema nililia. Nilisimama tu. Na mkutano ulipoitishwa nikaenda, nawe ukaja ukakaa chini ya banda umempakata Alamin. Unayakumbuka yaliyosemwa. Kila mtu alizungumza kwa adabu, hakuna aliyetamka neno jicho wala husda, maneno yalikuwa samadi na mbolea, mbolea na samadi. Lakini macho yao, mama, yalikuwa yakisema jingine, na mimi nilijua lilitoka nyumba gani, kwa kuwa nilikusikia ukimwambia Hafswa jikoni kwamba yule mwanamke ana jicho.

Rispah alisimama akajibu. Unamjua, hana maneno laini. Alisema, "Kama ningetaka kuua tuta la Mejumaa huyu, ningeachia kamba ya mbuzi usiku mmoja. Mngeamka mkakuta kipara, na mbuzi amelala katikati ameshiba. Nihangaike na unga wa nini?" Watu wengine wakacheka. Kisha akanigeukia mimi, akaacha kucheka, akaniuliza mbele ya wote kama na mimi nadhani ni yeye.

Bwana Kibwana aliomba mikono ya wanaomshuku. Mkono wangu ulipanda, mama. Hatimaye likakatwa shauri kwamba asiguse tuta lake wala pampu mpaka mkutano wa Jumamosi hii. Wewe ulikuwa ukitazama chini. Njiani tukirudi ulisema neno moja tu, kwamba afadhali limeangukia mboga. Nilidhani unanipa pole. Kesho yake ukafunga kanga zako ukarudi Kibuyuni, ukisema mwani haungoji.

Sasa yasikie yaliyotokea baada ya wewe kuondoka.

Nilitafuta chombo cha kulowekea mwarobaini, nikauchukua ule mtungi wa manjano unaokaa nyuma ya choo. Ulikuwa na mchanga chini, ule mchanga mweupe laini wa pwani, na mdomoni una utando mweupe uliokauka. Nikajiuliza nani katika nyumba hii anakwenda pwani na mtungi. Nassir hana nafasi hiyo. Nikamshuku Hafswa. Nikakumbuka kwamba tangu mboga zianze kuungua amekuwa hali mchicha wa kwetu, anasema tumbo. Nikaanza kumwangalia anavyotoka, anavyorudi, anavyonawa mikono. Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto huku sikio liko mlangoni. Haya si maisha, mama, kumlinda mtu mnayekula naye sahani moja.

Mwishowe nilikwenda shambani peke yangu saa ya jua kali, wenzangu wamelala. Nikachimba kidogo kwenye tuta letu, nikachukua ule weupe kwa ncha ya kidole, nikasema bismillahi, nikautia ulimini.

Mimi ni mtoto wa Kibuyuni. Nimekua nikianika mwani kwenye vichanja vyako, nimeshalamba mikono yangu mara ngapi nikiwa mdogo. Nilijua papo hapo. Ilikuwa bahari.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Hafswa anachambua mchele. Sikumzungusha. Nilimwambia nimeujua mtungi na nimeujua udongo, aniambie amenifanyia hivyo kwa nini. Aliendelea kuchambua, hakuinua kichwa. Halafu akasema, "Wifi, usinitie mimi hapo katikati. Muulize mamako alikuwa akienda wapi alfajiri, mdomo ameufunga."

Ni wewe, mama. Hafswa alinieleza yote, na usimkasirikie, amebeba siri yako mpaka imemkondesha. Alisema tangu siku ile Rispah alipomsifu mtoto na tuta kwa pumzi moja bila kumtaja Mungu, ulianza kwenda kuchota maji ya bahari kabla jua halijayagusa. Kwamba anayeyachota hafungui mdomo kwenda wala kurudi, la sivyo hayafai kitu. Ndiyo maana Rispah alikuamkia na hukuitika. Kwamba kidogo ulikuwa ukikitia kwenye beseni la kumwogeshea Alamin, na yote yaliyobaki ulikuwa ukiyamwaga kwenye tuta, kwa kuwa vilisifiwa pamoja na lazima visafishwe pamoja. Na majani yalipoanza kuungua hukuacha. Uliona ndiyo dalili kwamba jicho linatoka kwa mtoto linakwenda kwenye mboga, ukaongeza mtungi. Ukamwambia Hafswa nisiambiwe.

Mama, kunde haijui jicho. Kunde ikimwagiwa maji ya bahari inakufa, hata ingekuwa shambani kwa nani. Na tangu uondoke, tuta halijaungua zaidi. Kwenye ukingo wa juu, ambako nadhani ulikuwa hufiki kwa kuchoka, mchicha umeanza kuchipua.

Nilikasirika, sitakudanganya. Kisha nikafikiria magoti yako. Nikakuona na mtungi kichwani, katika ile njia ya mawe, gizani, hutaki hata kugumia usije ukaharibu dawa. Nikajua unamwogopea nani. Na mimi namkumbuka Mahir wangu. Nakumbuka tulivyokwenda naye harusini Msambweni akiwa na meno mawili, yule mwanamke tusiyemjua akamsifu mashavu, na kabla ya wiki kwisha tukamzika. Daktari alisema ni nimonia. Wewe hukubisha, ulinishika mkono tu. Sikujua kwamba umekaa na yule mwanamke moyoni mwako mpaka leo, na kwamba Rispah alipofungua mdomo ulimwona yule. Kwa hilo mimi siwezi kukulaumu, kwa sababu kuna usiku na mimi huweka kiganja puani mwa Alamin nione kama anapumua.

Lakini Rispah si yule. Rispah ndiye aliyemwagilia mboga zetu mimi nikiwa ndani, na maji yake matamu ndiyo yaliyofanya tuta lichelewe kufa. Sasa lake linakauka kwa kuwa amekatazwa pampu. Tangu jana nimeanza kulimwagilia mimi, mchana kweupe, na wenzangu wameanza kunitazama mimi sasa, wanasema nimenunuliwa. Watoto wake wakipita hapa hawaingii tena kucheza na Mwanamkuu. Kalama alimzibia Nassir gurudumu la tuktuk wiki jana bila kusema neno zaidi ya salamu. Na nyumba ya wageni ya Galu imetuma mtu kuuliza kama ni kweli kuna mbolea ya dukani. Akitolewa Jumamosi, itakuwa imethibitishwa, na jina hilo atakwenda nalo mpaka kwao Kinango.

Kwa hiyo nakuomba uje. Jumamosi asubuhi panda gari la mapema, Nassir atakungoja barabarani na tuktuk, hutatembea hatua. Mkutanoni utakaa nami. Huna haja ya kulitaja jicho, wala Mahir, hayo ni yetu. Sema tu kwamba uliyamwaga maji ya bahari kwenye tuta la binti yako ukidhani yatalisaidia, na kwamba Rispah hana hatia. Watu wa Kinondo watakucheka kidogo, kisha watakupa chai. Baada ya hapo uzungumze na Rispah mwenyewe. Mimi pia nina langu la kumwambia, la ule mkono niliounyanyua, na ningependa nianze mimi ili wewe uone njia.

Najua utakayosema. Utasema umenizaa, umenilea, umekuja kunifulia nepi, na mimi nasimama na mtu baki kukuaibisha. Sisimami na mtu baki. Ningekuwa nataka kukuaibisha ningekwisha kumwambia Bwana Kibwana tangu siku nilipoonja ule udongo. Hata Nassir sijamweleza yote, nimemwambia tu Jumamosi awe tayari kukupokea. Nimekutangulizia wewe kwa sababu wewe ni mamangu.

Na kuhusu mtoto, mama, naomba kuanzia sasa asiogeshwe wala asipakwe kitu nisichokijua. Ukitaka kumsomea, msomee mbele yangu, na mimi nitaitikia amin. Ukiogopa, niamshe tuogope pamoja.

Basi nisikuchoshe. Baba mwambie nampa salamu nyingi na namwombea. Hafswa anakusalimu, anaogopa kukutazama lakini anakusalimu. Mwanamkuu anauliza kama utamletea kombe za kuchezea. Alamin hajui kitu, amelala hapa mapajani, na jasho lake limelowesha pembe ya karatasi hii.

Jumamosi nikikuona unashuka kwenye tuktuk, nitakuacha uzungumze na mimi nitanyamaza. Nisipokuona, nitasimama na mtoto mgongoni, nitayasema mwenyewe, na sitaweza kuyasema bila kulitaja jina lako. Nimejaribu kila namna kuyapanga, mama, na kila namna jina lako limo. Njoo ulitaje wewe.

Wako anayekupenda, akingoja,

Binti yako,
Mejumaa